Je, blogu bado ni kazi ya kuishi nayo? Jibu kwa mwalimu wa Moshi

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Moshi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika blogu ya Kiswahili kuhusu kahawa, parachichi na migomba ya uchagani. Mwezi ukiwa mzuri zinafunguliwa kurasa 12,000, na matangazo ya Google yananipa kama dola 9. Mshahara unanifikia mkononi kama laki nane. Nafikiria kuacha kufundisha niandike tu. Wenzangu wanasema blogu zimekufa, watu wote wako Instagram na TikTok, na sasa akili mnemba inajibu kila kitu. Je, hii bado ni kazi ya mtu kuishi nayo? (Mwalimu, Soweto, Moshi)

Jibu: Mwalimu, usiache kazi mwaka huu. Na blogu usiifunge. Unacho kitu ambacho wengi wanaokuambia zimekufa hawana: eneo moja unalolijua, mazao matatu, na wasomaji wanaokuja kutafuta jambo la kufanya shambani kesho yake. Iliyokufa ni njia moja ya kulipwa, ile ya kusubiri matangazo ya Google. Njia nyingine zipo, ila zinakutaka ufanye kazi kama mchapishaji mwenye wateja wake, siyo mwandishi anayesubiri wapita njia.

Tupige hesabu yako kwanza. Dola 9 kwa kurasa 12,000 ni senti 75 kwa kila kurasa 1,000. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500, laki nane ni dola 320. Ili matangazo peke yake yafike hapo unahitaji kurasa kama 427,000 kwa mwezi, zaidi ya mara 35 ya ulizo nazo. Tena Google hailipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo kwa mwendo huo unapata malipo kama mara moja kwa mwaka. Sababu si uvivu wako. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada kila ukurasa unapofunguliwa, na kampuni zinazogombania kumfikia mkulima wa Kibosho anayesoma Kiswahili ni chache mno. Mnada usio na wanunuzi haupandi bei, hata uandike vizuri kiasi gani. Na zile mbinu za kuweka tangazo karibu na kitufe ili watu wabofye zimepitwa na wakati, kwani mwanzoni mwa 2024 AdSense, huo mfumo wa matangazo ya Google, ilihamia kulipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa. Yaache yaliyopo yaendelee kulipia bando lako, lakini usiyajengee mpango wa maisha.

Wanaosema blogu zimekufa wana sehemu ya ukweli. Mwaka 2003 Google ilinunua Blogger na kuanzisha AdSense, na mwaka huohuo WordPress ikatoka. Mwaka 2005 ikaja blogu ya Michuzi, ikawa dirisha la Watanzania wengi walioko nje. Enzi hizo msomaji alikumbuka anwani na kurudi mwenyewe. Baadaye Google Reader, iliyomletea msomaji makala mpya za blogu zote anazofuata, ikafungwa Julai 2013, wasomaji wakawa wa Facebook. Januari 2018 Facebook ikaanza kutanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, na kurasa za wachapishaji zikapungukiwa wageni. Waliobaki wakategemea utafutaji wa Google, nao ukabadilishwa vigezo Septemba 2023 na tena Machi 2024, blogu nyingi ndogo zikaporomoka. Mei 2024, ikianzia Marekani, Google ikaanza kuweka juu ya viungo jibu lililotungwa na akili mnemba, na msomaji akiridhika nalo hana haja ya kufungua kwako. Kila mara aliyeumia ni yule ambaye wasomaji wake walikuwa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupepeta unachoandika. Chukua vichwa vyako 20 vinavyosomwa sana, muulize kila kimoja roboti yoyote ya akili mnemba, kwa Kiswahili. Jibu likimtosha mkulima, makala hiyo haitakulisha tena. Utakuta "chulebuni ni nini" (ule ugonjwa wa matunda ya kahawa) na "nafasi ya kupanda parachichi" zinajibiwa vizuri tu. Lakini ukiuliza mkungu wa ndizi umeuzwa shilingi ngapi Mbuyuni wiki hii, au ni duka gani karibu na stendi ya Moshi lina dawa ya chulebuni iliyobakiza mwaka kabla ya kuisha muda, au miche ya parachichi inayouzwa barabara ya Marangu imebebeshwa kwa vikonyo vya mti gani, roboti itakupa maneno ya jumla au itatunga. Hayo hayapo popote mpaka mtu aende akayaandike. Huyo mtu ndiye anayeweza kulipwa.

Ningekushauri uanze na daftari la bei. Linaonekana jambo dogo, lakini baada ya mwaka litakuwa mali kubwa kuliko makala zako zote za miaka minne. Chagua masoko matatu tu, mathalani Mbuyuni, Mwika na Kilombero ya Arusha, na bidhaa zisizozidi sita. Weka safu hizi: tarehe, saa, soko, bidhaa na aina yake, kipimo, uzito halisi, bei ya jumla, bei ya rejareja, na ulizungumza na wauzaji wangapi. Bei moja isitokane na muuzaji mmoja. Uliza watatu, andika ya katikati.

Madaftari ya namna hii huharibikia kwenye kipimo. Parachichi huuzwa kwa debe, kwa kreti na kwa gunia lililojazwa lumbesa, na debe la plastiki la lita 20 likijazwa kwa kilima lina uzito tofauti na lililosawazishwa ukingoni. Ukiandika "debe 12,000" wiki hii na "debe 14,000" wiki ijayo, hujui kama bei imepanda au muuzaji wa pili alijaza zaidi. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, pima debe moja kila soko, kisha andika bei kwa kilo pembeni ya bei ya kipimo. Ndizi ni taabu zaidi kwa sababu mkungu hauna saizi. Gawa makundi matatu, mkubwa, wa kati na mdogo, ukiweka mpaka wa kilo kwa kila kundi, na usiubadilishe katikati ya mwaka. Cha pili ni saa. Alfajiri bei ni ya jumla, saa tano asubuhi tayari wachuuzi wameshachukua mzigo na unachosikia ni rejareja. Ukienda leo alfajiri na kesho mchana, safu yako yote haina maana. Kwa kahawa, tenganisha kahawa mbivu na kahawa ya maganda (iliyomenywa na kukaushwa, ikiwa bado na ganda la ndani), maana inahitajika kama kilo tano za mbivu kupata moja ya maganda. Wapo wanaozichanganya kwenye jedwali moja halafu wanashangaa mkulima akiwacheka.

Ukishakuwa na wiki 52 bila pengo, unaweza kumwambia mkulima ni mwezi gani mkungu hushuka Mbuyuni na huku Kilombero bado una bei. Hilo mnunuzi, mwenye duka la pembejeo, SACCOS inayokopesha wakulima na shirika linalofanya mradi uchagani watalilipia. Mkulima mmoja mmoja hatalipa kirahisi, usimlaumu. Yeye mpe bure bei ya wiki. Uza mfululizo wa mwaka na uchambuzi kwa wanaofanya biashara.

Sasa suala la kuwafikia. Ushauri wa Wamarekani ni kukusanya barua pepe na kutoza wasomaji kupitia Substack. Kwako haukai. Malipo ya Substack hupita Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti za wafanyabiashara wa Tanzania. Tena wasomaji wako wengi barua pepe waliifungua siku waliponunua simu na hawajaiangalia tangu hapo. Orodha yako ya kweli ni namba za simu. WhatsApp itumie ukijua mipaka yake: kundi huchukua watu 1,024, orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi huchukua 256, na haumfikii asiyekuwa amehifadhi namba yako, chaneli haina kikomo cha namna hiyo, lakini huoni namba za wanaokufuata, kwa hiyo chaneli ikifungwa umebaki mikono mitupu. Tumia chaneli kwa kutangaza, namba uziombe wewe mwenyewe kwa fomu fupi: jina, kata, zao, namba.

Kwa bei ya kila wiki SMS bado inashinda, maana inafika hata kwa asiye na bando. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Jina la mtumaji lina herufi 11 tu, nafasi zikihesabiwa, na husajiliwa kwanza kupitia kampuni inayokuuzia SMS. Kuna mtego mmoja wa Kiswahili chetu: ukiandika kwenye Word halafu ukanakili, alama ya king'ong'o katika "ng'ombe" hugeuzwa kuwa ile iliyopinda. Hiyo herufi moja hulazimisha ujumbe wote utumwe kwa mfumo mwingine wenye herufi 70, na ukizidi hapo kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu na unalipia mara tatu. Andika moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutumia, au badilisha alama hiyo iwe iliyonyooka kabla ya kutuma kwa watu 800.

Mapato yenyewe yatatoka sehemu tatu au nne ndogo. Tuseme wateja 40 wa biashara wanalipa 5,000 kwa mwezi kwa taarifa ya bei: laki mbili. Wadhamini wawili wa taarifa ya wiki, kila mmoja laki moja kwa mwezi: laki mbili nyingine. Kijitabu kinachokuachia faida ya 2,500, ukiuza nakala 60 kwa mwezi: laki moja na nusu. Jumla 550,000 kabla ya nauli na SMS. Bado si laki nane, lakini linganisha na dola 9.

Mdhamini muuzie muda, siyo mibofyo. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: miezi mitatu, nusu ya pesa kabla, maneno yasiyozidi 40, tangazo litawekwa alama "Tangazo", na mdhamini haoni wala hahariri bei kabla hazijatoka. Kipengele hicho cha mwisho kitakugharimu wateja. Kishikilie. Mnunuzi wa parachichi anayedhamini atakuomba siku moja "uzungushe" bei ishuke kidogo, na ukikubali mara moja wakulima watajua ndani ya wiki, maana wao ndio wanaouza. Mdhamini akiwa wa dawa za kilimo, hakiki kwanza kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Makao yao yako Arusha, hapo Ngaramtoni, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakuna.

Kijitabu nacho kina hesabu yake. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 48 ni karatasi 12 na jalada. Ukipeleka kurasa 46 utalipia mbili tupu. Zaidi ya kurasa 60 za karatasi ya kawaida, pini mbili za katikati huanza kushindwa na kitabu hakilali. Kosa kubwa kwa vitabu vya kilimo ni picha za magonjwa kuchapwa nyeusi na nyeupe ili kuokoa pesa. Kutu ya majani ya kahawa hutambulika kwa unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Ukiondoa rangi, umemwonyesha mkulima jani lenye madoa ya kijivu ambalo linaweza kuwa chochote. Weka picha zote kwenye karatasi ya katikati, yaani ukurasa wa 23 hadi 26, na hiyo peke yake ichapwe kwa rangi. Anza na nakala 50, siyo 500. Maduka ya pembejeo yape kamisheni ya asilimia 20 hadi 30, AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, vilevile. Kama unalenga Nane Nane pale Themi, Njiro, kazi iwe mezani kwa mchapaji mapema Juni, kwa sababu Julai kila taasisi ya Arusha inachapa mabango. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba.

Malipo: pata lipa namba ya biashara badala ya namba yako binafsi, ili taarifa za miamala zikusaidie siku ya kuomba mkopo au kukadiriwa kodi. Ukitaka watu walipe ndani ya tovuti, kampuni kama Selcom, AzamPay na Pesapal zinaunganisha mitandao ya simu, ila zitadai nyaraka za biashara. TIN, namba ya mlipakodi, chukua mapema. Taasisi ikikulipa ada ya huduma huzuia asilimia 5 kwa ajili ya TRA. Dai cheti cha zuio kila mara, wengi husahau na kodi yao huonekana kama haikulipwa.

Sheria, kwa ufupi lakini bila mzaha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka kila mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, shilingi milioni 1 kwa mwaka pamoja na laki moja ya maombi. Ziliandikwa upya 2020, na marekebisho ya 2022 yakaelekeza leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Makala ya kupogoa kahawa si habari. Ripoti kwamba chama fulani kimechelewesha malipo ya wakulima inaelekea huko. Kabla hujaanza safu ya namna hiyo, nenda ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini, Arusha, ueleze unachofanya na uombe jibu kwa maandishi. Pia ile orodha ya namba za simu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mweleze msomaji utaitumiaje namba yake, na umpe njia ya kujitoa. Usinakili namba kutoka kwenye daftari la mahudhurio la mkutano wa ushirika, hata katibu akikuruhusu. Namba si zake. Na kwa kuwa wewe ni mtumishi wa umma, mjulishe mwajiri wako kwa barua kuhusu kazi hii ya pembeni kabla haijaanza kuingiza pesa ya maana.

Kuhusu siku ya kuacha kufundisha: laki nane si mshahara wako wote. Mwajiri anaweka asilimia 15 ya mshahara wako PSSSF, mfuko wa pensheni, na asilimia 3 bima ya afya, na vyote utavigharimia mwenyewe siku ukitoka. Weka shabaha ya milioni moja na zaidi kidogo baada ya gharama. Uifikie kwa miezi 12 mfululizo, ikiwemo miezi ambayo kahawa haipo na wadhamini wanakaa kimya. Pasiwe na mlipaji mmoja anayebeba zaidi ya theluthi. Na uwe na akiba ya miezi sita. Sharti moja likikosekana, endelea kufundisha na uandike Jumamosi. Kazi ya daftari la bei inawezekana kabisa kwa mwalimu, likizo zikisaidia. Instagram na TikTok zisikusumbue sana. Video ya sekunde 40 ya kupima debe ni tangazo zuri la kijitabu, basi.

Wiki hii fanya jambo moja la kiufundi. Kama bado uko kwenye anwani ya blogspot, nunua jina lako la .co.tz kwa msajili aliyeidhinishwa. Huna haja ya kuhama wala kulipia hifadhi ya tovuti, Blogger inakubali jina lako bure: unaingiza kwa msajili rekodi mbili za CNAME, moja ya www ikielekea ghs.google.com, nyingine ile ya uthibitisho utakayopewa na Blogger, kisha unawasha HTTPS na, ukiongeza pia rekodi za A zilizo kwenye maelekezo ya Blogger, unaelekeza jina lisilo na www liende kwenye lenye www. Subiri hadi saa 24. Viungo vya zamani vitaelekezwa vyenyewe. Ukimpa kijana wa mtandao akufanyie, simamia usajili uandikwe kwa jina lako, barua pepe yako na simu yako. Wapo waandishi waliogombana na fundi na kukuta jina la tovuti ni mali yake kisheria. Baada ya hapo pakua nakala ya makala zote, weka moja kwenye flashi na nyingine nje ya nyumba, halafu jaribu kuifungua kwenye blogu mpya ya majaribio ili ujue kama inafunguka kweli.